Excel ilivyowalazimu wanasayansi kubadili majina ya jeni

MFANYABIASHARA anayeweka orodha ya mizigo kwenye Excel huenda amewahi kuandika namba ya bidhaa, tuseme 5-12, akashangaa kuiona imegeuka tarehe. Huirekebisha, akaendelea na shughuli zake. Wanabiolojia yaliwakuta makubwa zaidi.

Baadhi ya jeni za binadamu ziliitwa MARCH1 na SEPT2. Excel, iliyotengenezwa kwa kazi za ofisini, ilizisoma kama tarehe 1 Machi na 2 Septemba, ikazigeuza bila kuuliza. Ukijaribu kurudisha maandishi ya awali, unapata namba tupu. Mwaka 2016, watafiti nchini Australia walionyesha kuwa takriban makala 1 kati ya 5 za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa hayo.

Ni rahisi kumlaumu mtafiti kwa uzembe, lakini nani atakagua mistari elfu kumi kwa macho? Programu maalumu zipo, ila nyingi zinadai mtu ajue kuandika amri za kompyuta, na wengi hawakufundishwa.

Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ilisalimu amri: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT2 ikawa SEPTIN2. Microsoft iliweka njia ya kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023.

Kwa mwenye orodha ya mizigo, kinga ni ileile ya maabara: safu ya namba za bidhaa iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza chochote.