Fizikia ilikushinda? Mteremko wa Dundori utakufunza

Umewahi kuteremka kutoka Dundori kuelekea Lanet ukiwa nyuma ya bodaboda, mvua imenyesha, na dereva anaona kupiga breki ni kupoteza wakati? Unashikilia kile chuma cha nyuma huku ukimwomba Mungu. Basi jua kwamba hapo umekalia swali la Fizikia lililokutoa jasho Kidato cha Tatu.

Wengi wetu tulikariri fomula tatu za mwendo wa mstari mnyoofu, tukaingia kwenye mtihani na kuchagua moja kwa kubahatisha. Shida haikuwa fomula. Tulikimbilia kikokotoo kabla ya kujua swali linasema nini.

Jaribu hivi. Andika herufi tano kando ya karatasi: u ni kasi ya kuanzia, v kasi ya mwisho, s umbali, t muda, na a ni mchapuko, yaani kasi inaongezeka au kupungua kwa kiasi gani kila sekunde. Jaza ulizopewa, kisha weka alama ya kuuliza kwenye ile unayotafuta. Herufi ambayo swali halikuigusa kabisa ndiyo itakayokuonyesha njia:

- Umbali haumo: v = u + at
- Kasi ya mwisho haimo: s = ut + ½at²
- Muda haumo: v² = u² + 2as

Fomula hizi hufanya kazi tu iwapo mchapuko haubadilikibadiliki.

Sasa turudi barabarani. Boda inakwenda kilomita 72 kwa saa. Gawanya kwa 3.6 upate mita 20 kwa sekunde. Wengi hupoteza alama kwa kuruka hatua hii. Mita 30 mbele, mtoto anaingia barabarani. Tuseme dereva anachukua sekunde moja kushtuka kabla ya kushika breki, na breki zinapunguza mita 5 kwa sekunde, kila sekunde. Kwa kuwa kasi inapungua, a ni -5. Usisahau hiyo alama ya kutoa!

Katika ile sekunde ya kushtuka, boda imeshakula mita 20. Zimebaki 10. Muda haumo, kwa hivyo tunatumia fomula ya tatu: v² = 400 - (2 × 5 × 10) = 300. Kasi ni mita 17.3 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 62 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya boda inapomfikia mtoto, breki zikiwa zimeshikwa kabisa.

Rudia hesabu kwa kilomita 36 kwa saa, nusu ya kasi ile. Sekunde ya kushtuka inakula mita 10, breki mita 10 nyingine. Boda inasimama kwenye mita 20, na mtoto anavuka salama.

Umeona? Ukiongeza kasi maradufu, umbali wa breki haukui mara mbili, unakua mara nne, kutoka mita 10 hadi 40. Hiyo ndiyo kazi ya ile 2 ndogo juu ya u.

Na hapo ni barabara tambarare, kavu. Kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita 10, uzito wenyewe unakusukuma, na breki zinabaki na nguvu ya kama 4 badala ya 5. Kwa ile kasi ya 72, sasa unahitaji mita 70 kusimama. Mvua ikinyesha, zaidi ya hapo.

Zoezi lako: sheria ya trafiki Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini na kwenye vituo vya biashara. Piga hesabu kwenye barabara tambarare. Ukipata mita 33 hivi, umepatia. Linganisha na zile 30 za mtoto, utaona kwamba hata ndani ya sheria hakuna nafasi ya kuzubaa.

Kwa hivyo siku nyingine ukiwa abiria, usione haya. Mguse bega umwambie, "Buda, punguza." Hesabu unayo.