Inchi mbili za springi zinavyovuka mpaka pamoja na gari

Arusha. Mvua za masika zinapoanza kulowanisha njia za Ngorongoro na Serengeti, watalii hupungua na gereji za Arusha hujaa. Aprili na Mei ni miezi ya Land Cruiser za utalii kupandishwa kwenye jeki, magurudumu yakavuliwa, na kazi zilizoahirishwa msimu mzima zikafanyika. Kabla ya Juni kufika, mwenye gari la zamani huwa na ombi moja kwa fundi wake: gari lisiiname mbele.

Ombi hilo linasikika jepesi, lakini jibu lake linagusa usukani, breki na maisha ya watu wanane au tisa watakaoketi ndani. Na kwa kuwa gari hilo linaweza kuuzwa Lodwar, Moroto, Goma au Juba, kilichofanywa chini yake Arusha kitakwenda nalo huko, mara nyingi bila mnunuzi kuambiwa.

Magari yanayozungumzwa hapa ni yale yenye springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Familia ya Land Cruiser 70 ilizinduliwa mwaka 1984, na matoleo yake ya kazi ngumu, likiwamo HZJ75 lenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, yalibeba ekseli ya mbele juu ya springi hizo. Mwaka 1999 Toyota iliweka springi za koili mbele na kuacha za bapa nyuma, na HZJ75 likapisha HZJ78 na HZJ79. Njia rahisi ya kuyatofautisha ni kuhesabu nati za gurudumu: kabla ya mabadiliko hayo zilikuwa sita, baada yake zikawa tano.

Zaidi ya miaka 25 baadaye, yale ya zamani bado yapo barabarani. Hayana kompyuta, vipuri vyake vinapatikana, na fundi wa mji mdogo anaweza kuyafungua kwa spana za kawaida. Lakini umri una gharama yake, na springi za mbele ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuionyesha.

Kwa nini gari huinama

Springi ya bapa ni vyuma kadhaa vilivyopindwa, vikapangwa kuanzia kirefu hadi kifupi na kukazwa katikati kwa bolti moja. Fungu hilo hushikwa kwenye ekseli kwa yubolti. Ncha moja hufungwa kwenye chasisi kwa pini isiyohama, na nyingine huning’inia kwenye vipande viwili vya chuma ambavyo mafundi huviita shako. Shako ndiyo inayoipa springi nafasi ya kurefuka inapokandamizwa.

Kazi yake ni mbili kwa wakati mmoja. Inabeba uzito, na pia inaishikilia ekseli isiende mbele, nyuma wala kando. Koili hubeba uzito tu na huhitaji mikono ya chuma ya kuielekeza ekseli. Kwa hiyo anayeigusa springi ya bapa anagusa pia mahali ekseli inapokaa.

Mzigo wa mbele nao huongezeka taratibu. Gari hutoka kiwandani na bampa jepesi. Baada ya miaka linakuwa na bampa zito la chuma, winchi na betri ya pili. Likipita kwenye barabara yenye mawimbi kama bati la paa, springi hupinda na kunyooka mara nyingi mno kwa siku moja. Mwishowe chuma huchoka, upinde hupungua, na gari hukaa karibu na mipira ya kuzuia ekseli isigonge chasisi. Kila shimo huwa kishindo.

Njia nne za fundi

Njia ya kwanza, na ya bei ndogo kuliko zote, ni kuipinda upya springi ileile. Ikifanywa baridi, kwa nyundo au mashine ya kukandamiza, gari hunyanyuka kwa muda kisha hurudi chini, kwa sababu chuma ni kilekile kilichochoka. Hatari kubwa ni pale inapopashwa moto kwa gesi. Chuma cha springi hupata nguvu yake kiwandani kwa kupashwa moto, kuzimwa kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto la chini linalopimwa. Mwali wa gesi hufuta kazi hiyo mahali ulipogusa. Sehemu hiyo hulainika, au ikipozwa kwa maji hugeuka ngumu na yenye kuvunjika kama kigae.

Njia ya pili ni kuongeza bapa moja. Hapa hesabu huwapita wengi. Ugumu wa bapa hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Bapa la milimita 8 si gumu kuliko la milimita 6 kwa theluthi moja tu. Ni gumu zaidi ya mara mbili, kama urefu na upana ni sawa. Bapa nene lililookotwa kwenye pikapu nyingine na kuingizwa kwenye fungu la zamani hubeba karibu kila kitu peke yake. Gari hunyanyuka, lakini mbele hugeuka ngumu kama toroli, na dereva aliyekuwa akilalamikia kishindo huanza kulalamikia mgongo.

Njia ya tatu ni kurefusha shako. Fundi hukata vipande virefu zaidi, hutoboa na kufunga, na kazi huisha kabla ya jua kuzama. Urefu ukiongezwa milimita 50, gari hunyanyuka karibu milimita 25 tu, kwa kuwa ni ncha moja ya springi iliyosogezwa. Anayetaka inchi mbili analazimika kuongeza shako kwa inchi nne, na hapo matatizo huanza.

Kwenye Land Cruiser nyingi za zamani, kama za familia ya 40 na 60, shako ya mbele iko upande wa pua ya gari. Ikirefushwa, ncha ya mbele ya springi hushuka na ekseli huzunguka kidogo kuelekea mbele. Pini ambazo magurudumu hugeukia hupoteza ule mlalo wa kurudi nyuma uliopimwa kiwandani. Mlalo huo ndio unaofanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona na gari lishike njia iliyonyooka. Ukipungua, gari huyumba kwenye mwendo wa lami, na likikanyaga tuta kwa gurudumu moja linaweza kuanza kutetemeka mbele kwa nguvu kiasi cha dereva kushindwa kuushika usukani.

Dawa inayotumika ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli ili kuurudisha mlalo. Lakini kabari hizo huishusha pua ya difu, na pembe ya propela shafti ya mbele huongezeka. Anayetibu usukani bila kupima propela huhamisha ugonjwa tu.

Njia ya nne ni kununua springi mpya zilizotengenezwa kwa uzito halisi wa gari: upinde mkubwa zaidi, mabapa ya unene uliopangwa, pamoja na bushi, yubolti na shokapu za urefu unaolingana. Zipo zinazotoka Australia, na Kenya ina viwanda vinavyotengeneza springi za bapa. Ni njia ya gharama kubwa zaidi siku ya kwanza. Huhitaji pia mwenye gari kusema ukweli kuhusu mzigo wake, kwani springi ya gari lenye winchi, likifungwa lisilo nayo, hurusha abiria kwenye kila jiwe.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Baadhi huhamisha shako ya mbele kutoka puani na kuipeleka nyuma ya springi, ili gurudumu likigonga jiwe ekseli irudi nyuma badala ya kulisukumia jiwe. Mwendo huwa laini, lakini gari huinama zaidi linapofunga breki, na propela ya mbele huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kujifupisha. Wengine huhamisha springi kutoka chini ya ekseli na kuiweka juu yake, wakapata zaidi ya inchi nne kwa mara moja. Kazi hiyo ni kulisanifu gari upya, na kuifanya bila kubadili fimbo za usukani ni kucheza na roho za watu.

Kinachosahaulika chini ya gari

Hata ongezeko dogo lina mlolongo wake. Fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda kwenye gurudumu hulala kwa pembe kali zaidi, na springi inapopanda na kushuka gurudumu hugeuka lenyewe bila dereva kuligusa. Mipira ya breki ya mbele hubaki na urefu uleule. Gurudumu likining’inia kwenye shimo, mpira huvutika. Shokapu fupi hufika mwisho wake kabla ya springi na kung’oa vishikio. Kitovu cha uzito hupanda, na gari refu la utalii lenye paa la kufunguka na mizigo juu halihitaji sababu nyingine ya kupinduka.

Halafu kuna yubolti. Zikishakazwa huwa zimevutika, na kuzirudisha kazini ni kubana matumizi mahali pasipostahili. Mpya nazo hulegea kidogo springi inapojikalia, hivyo hupaswa kukazwa tena baada ya kilomita chache mia. Zikilegea, mzigo wote huangukia bolti ya katikati. Ikikatika, ekseli husogea upande mmoja na gari huenda mshazari.

Mpaka na karatasi

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane, baada ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Dereva wa Tanzania, Kenya au Uganda hukaa upande wa kushoto wa barabara. Akiingia Rwanda, Burundi, Kongo au Sudan Kusini huhamia kulia. Mabadiliko hayo yana alama na kila dereva anayajua. Shako iliyorefushwa haina alama.

Kadi ya gari huonyesha injini, chasisi, rangi na mmiliki. Aliyebadilisha springi, lini na kwa kipimo gani, hubaki kichwani mwa fundi. Gari likiuzwa nchi nyingine, fundi wa huko huanza kubahatisha: huagiza shokapu za kiwandani kwa gari lisilo tena la kiwandani, au huongeza kabari juu ya kabari. Na ajali ikitokea, suala la nani alibadilisha nini linaweza kufika mezani kwa kampuni ya bima ya nchi ambayo gari halikusajiliwa.

Jibu la kuanzia haligharimu mkutano wa mawaziri. Ni daftari la gereji: tarehe, urefu wa shako, idadi na unene wa mabapa, aina ya shokapu, na umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi kabla na baada ya kazi. Karatasi hiyo ikikunjwa pamoja na kadi ya gari, mnunuzi wa Goma au Marsabit anajua anachonunua, na fundi wake anajua pa kuanzia.

Kwa mnunuzi asiye na karatasi, bado macho yanasaidia. Alama za mwali kwenye springi, shako zenye kingo za kukatwa kwa mkono, bapa moja lenye rangi tofauti, na kutu mpya karibu na bolti ya katikati ni mambo yanayoonekana kwa kuinama dakika 5. Kisha mendeshe mwenyewe, kwenye lami na kwenye mawimbi, na uachie usukani kidogo baada ya kona, mahali pasipo na magari, uone kama unarudi wenyewe.

Mwishoni mwa Mei magari hushushwa kwenye jeki moja baada ya jingine na kuelekea lango la Ngorongoro. Kwa nje yote yamenyanyuka sawasawa. Tofauti iko chini, na abiria wa msimu mpya hana namna ya kuiona.