Damu Inayonata

Kwenye faili la mtoto mwenye selimundu anayesubiri upasuaji wa asubuhi, sentensi moja iliyoandikwa kwa haraka inaweza kumletea madhara zaidi kuliko kisu chenyewe: asile wala asinywe kitu kuanzia saa 6 usiku. Nia ni njema. Tumbo likiwa tupu, mtoto aliyepewa nusukaputi hatacheua chakula kikamwingia mapafuni. Lakini ratiba ya chumba cha upasuaji haikawii kuvurugika. Kesi ya dharura inapita mbele, na ikifika saa 5 asubuhi mtoto bado yuko kitandani, midomo imekauka, mama anambembeleza, na hajaonja hata tone la maji kwa saa 11. Kwa mtoto mwingine hiyo ni adha tu. Kwa huyu, damu imeshaanza kubadilika.

Tumezoea kuelezwa kwamba selimundu ni ugonjwa wa umbo: chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara na laini, zinajipinda, zinakakamaa na kuziba mishipa. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yameacha kitu cha msingi, nacho ni muda.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, mahali pa 6, asidi ya amino iitwayo glutamiki imebadilishwa na nyingine iitwayo valini. Vernon Ingram aliligundua hilo huko Cambridge katikati ya miaka ya 1950, baada ya Linus Pauling na wenzake kuonyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ina tofauti. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni, molekuli zake hushikana na kujenga nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma chembe kutoka ndani. Lakini nyuzi hazijengeki papo hapo. Kuna kipindi cha kusubiri kwanza, na katika miaka ya 1970 William Eaton na James Hofrichter wa Marekani walipima jinsi kipindi hicho kinavyotegemea ukolezo wa himoglobini ndani ya chembe. Walichokuta ni cha kushangaza: utegemezi huo ni wa kipeo kinachokaribia 30. Chukua kikokotoo. Ukolezo ukiongezeka kwa asilimia 5 tu, muda wa kusubiri unashuka hadi chini ya robo ya ulivyokuwa.

Sasa mrudie yule mtoto mwenye kiu. Mwili ukikaukiwa maji, chembe nazo zinapoteza maji, na himoglobini iliyomo inakolea. Hakuna lililobadilika kwenye jeni zake tangu jana usiku. Kilichobadilika ni saa.

Kwa kawaida chembe nyekundu hupenya kwenye kapilari kwa muda mfupi sana, ikatua mzigo wake wa oksijeni na kutokea upande wa pili kwenye vena ndogo, ikaanza safari ya kurudi mapafuni. Nyingi zinawahi kupita kabla nyuzi hazijajengeka. Ndiyo maana mtu mwenye selimundu anaweza kukaa wiki kadhaa bila maumivu, ingawa damu yake ni ileile kila siku. Swali lililowasumbua watafiti lilikuwa hili: ni nini kinachoichelewesha chembe mpaka ikakamae ikiwa bado njiani?

Mwaka 1980 Robert Hebbel na wenzake wa Minnesota walichapisha jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Walizichukua chembe za wagonjwa, wakazikutanisha na seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mishipa, wakapima ni kiasi gani zinanata. Mgonjwa ambaye chembe zake zilinata zaidi ndiye aliyekuwa akiugua zaidi. Baadaye ikafahamika kwamba zinazonata sana ni chembe changa, zile zinazotolewa na uboho kabla hazijapevuka, kwa kuwa bado zimevaa protini za kushikia kwenye ngozi yao. Zinang'ang'ania ukuta wa mshipa kama kishonanguo kwenye pindo la kanga. Zinazokuja nyuma zinakuta njia imebanwa, zinapunguza mwendo, muda wa kusubiri unazipita, na zinakakamaa palepale.

Mwaka 2002 kundi la Paul Frenette huko New York liliongeza sura nyingine kwa kutazama mishipa ya panya hai chini ya darubini. Mhusika mkuu waliyemwona hakuwa chembe nyekundu bali nyeupe. Chembe nyeupe ndizo zilizotangulia kujibandika kwenye ukuta wa vena ndogo, kisha zikawa zinazidaka nyekundu zilizokuwa zikipita. Kazi ya kuzipunguzia mwendo chembe nyeupe hufanywa na familia ya protini ziitwazo selektini. Mojawapo, P-selektini, hukaa imehifadhiwa kwenye vifuko ndani ya seli za ukuta wa mshipa, na ukuta ukichokozwa na uvimbe, maambukizi au ukosefu wa oksijeni, hutokezwa nje ndani ya dakika chache.

Ukishalielewa hilo, kazi ya daktari wa usingizi inabadilika sura. Mtoto wa miaka 4 anayetakiwa kupigwa picha ya MRI ya ubongo lazima atulie tuli ndani ya bomba linalopiga kelele kwa nusu saa au zaidi, na mara nyingi hilo haliwezekani bila dawa ya kumtuliza: midazolamu, propofoli, deksmedetomidini, au ketamini ambayo hospitali zetu nyingi zinaitegemea. Dozi ikizidi kidogo, kidevu kinadondoka, ulimi unarudi nyuma, pumzi inakuwa fupi. Oksijeni inashuka. Kabonidioksidi inapanda na kuifanya damu iwe na asidi, na damu yenye asidi huachia oksijeni kwa urahisi zaidi, jambo linalozikaribisha zile nyuzi. Ongeza kiyoyozi cha chumba cha upasuaji kinachosinyaza mishipa ya mikono na miguu. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Vikijumlishwa, vinaharakisha kukakamaa na kurefusha safari kwa pamoja.

Kwa hiyo wajuzi wa fani hii hawana siri kubwa. Mtoto wa selimundu awekwe wa kwanza kwenye orodha. Apewe maji: mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 unaruhusu watoto kunywa vinywaji angavu hadi saa moja kabla ya dawa ya usingizi, na ratiba ikichelewa adungwe dripu badala ya kuachwa akauke. Afunikwe blanketi, afungiwe kipimo cha oksijeni kidoleni, na kisifunguliwe haraka eti ameshafumbua macho. Wengine watahitaji kuongezewa damu kabla ya upasuaji. Utafiti mmoja uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2013 ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri: kati ya wagonjwa 33 waliopasuliwa bila kuongezewa damu, 13 walipata matatizo makubwa, na kati ya 34 walioongezewa ni 5. Mengi ya matatizo hayo yalikuwa ya kifua.

Kuna kipimo kimoja, hata hivyo, ambacho dawa ya kumtuliza mtoto haitakiwi kabisa. Ni ultrasaundi inayopima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo ili kutambua nani yuko hatarini kupata kiharusi. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa, na tangu utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 inajulikana kwamba kumwongezea damu mtoto huyo mara kwa mara kunaipunguza hatari hiyo kwa zaidi ya asilimia 90. Sasa ukimlaza usingizi, kabonidioksidi inapanda, mishipa ya ubongo inatanuka, kasi inaongezeka, nawe unasoma namba ya usingizi ukidhani ni ya ugonjwa. Hivyo mtoto anapakwa jeli baridi kwenye panja, anaambiwa akae macho bila kulia, na mara nyingi anayeokoa jahazi ni katuni kwenye simu ya mama. Huko Mwanza, kwenye Hospitali ya Bugando, watafiti wamekitumia kipimo hiki kuwatafuta watoto wanaohitaji dawa kabla kiharusi hakijawakuta.

Basi, ikiwa kunata ndiko kunakoanzisha balaa, kwa nini tusitengeneze dawa ya kuzuia kunata? Wamejaribu, tena kwa ustadi mkubwa. Krizanlizumabu ni kingamwili ya maabara inayokaa juu ya P-selektini na kuiziba. Kwenye jaribio la wagonjwa 198 lililochapishwa mwishoni mwa 2016, waliopewa dozi ya juu walipata wastani wa kati wa vipindi 1.63 vya maumivu makali kwa mwaka, na waliopewa dripu isiyo na dawa walipata 2.98. Marekani ikaiidhinisha mwaka 2019. Likafuata jaribio kubwa zaidi, na matokeo yakageuka: takribani vipindi 2.5 kwa wenye dawa na 2.3 kwa wasio nayo. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikapendekeza idhini ifutwe.

Rivipanseli nayo ilibuniwa kwa kuiga umbo la sukari ambayo selektini huishika, ili ziishike dawa badala ya chembe nyeupe. Ilianguka kwenye jaribio lake kuu mwaka 2019. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba waliodungwa mapema, maumivu yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, walionekana kunufaika. Muda tena.

Nionavyo mimi, tatizo si ubovu wa wazo. Ni kwamba chembe ina mikono mingi ya kushikia. Ukiufunga mmoja, zipo protini nyingine zinazoendelea na kazi. Na dawa iliyolenga kitu kingine kabisa, vokseloto, ambayo hujibandika kwenye himoglobini ili isiachie oksijeni mapema, iliishia pabaya zaidi. Katika jaribio la watoto 236 waliokuwa na kasi kubwa ya damu ubongoni, wakiwemo wa Kenya, walikufa 8 upande wa dawa na 2 upande wa dawa bandia. Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni duniani kote. Ilikuwa imepandisha himoglobini kwelikweli; namba kwenye karatasi za maabara zilipendeza.

Wakati huo wote, kidonge kikongwe kilikuwa kinafanya kazi yake bila makeke. Haidroksiurea ilianza kama dawa ya saratani. Inaamsha himoglobini ya kichanga, ile inayomkinga mtoto miezi yake ya mwanzo, nayo huzuia nyuzi zisijengeke. Inapunguza pia idadi ya chembe nyeupe, na inazivua chembe changa sehemu ya protini zake za kushikia. Hakuna aliyeketi kuibuni kwa ajili ya hayo. Utafiti wa REACH, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto wa mwaka 1 hadi 10, ulichapisha matokeo yake Desemba 2018: vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Kulikuwa na hofu kwamba ingewafungulia watoto mlango wa malaria. Malaria nayo ilipungua kwa takribani nusu.

Kinachobaki ni hesabu ya nyumbani. Mtoto wa kilo 10 anahitaji karibu miligramu 200 kwa siku. Kidonge kinachopatikana kwa wingi ni cha miligramu 500, kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, ni cha ganda, na hakikatiki. Mzazi anaambiwa ampe siku moja na kuruka nyingine, au dozi ya wiki igawanywe kwa namna nyingine, na inabidi akumbuke leo ni siku gani. Vidonge vya miligramu 100 vinavyoyeyuka kwenye maji vipo duniani. Kuvifikisha kwenye kliniki ya wilaya kwa bei ambayo mzazi anaimudu hakuhitaji ugunduzi wowote mpya wa protini.