Fahamu: Kusoma usimamizi wa mazingira bila kuacha kazi

Mtumishi wa Kibaha au mwalimu wa Kisarawe atakaye kujifunza ilimu ya mazingira, hali maisha hayamruhusu kuiacha kazi, aghalabu huelekea Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoasisiwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, chenye kituo cha mkoa wa Pwani hapo Kibaha, ambapo masomo hupokewa kwa intaneti, usiku au siku za mapumziko.

Haja ni dhahiri: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yazitaka halmashauri ziwe na ofisa mazingira, na miradi mikubwa ifanyiwe kwanza tathmini ya athari.

Wala sioni darasa bora kuliko wilaya hizi za Kibaha na Kisarawe, zenye Mto Ruvu, unaochotwa maji Mlandizi kuinywesha Dar es Salaam, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, masalio ya misitu ya kale ya pwani, iliyopunguzwa sana na ukataji wa miti ya mkaa. Mwanafunzi aishiye jirani nayo, ajuaye ni dhiki ipi imsukumayo mkataji, ana hazina isiyopatikana vitabuni.

Kabla ya kulipa ada popote, na aihakiki shahada aitakayo kwa Tume ya Vyuo Vikuu.