Kichwa cha Redio Kaseti: Uchafu Mdogo, Hasara Kubwa

Mkazi wa Bombambili, mjini Songea, asikiapo kaseti yake ya zamani ya ngoma ya lizombe imefifia, asiharakishe kuitupa. Aghalabu kosa si la utepe, bali ni la kichwa kinachousoma. Utepe hupita juu yake kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, ukiacha chembechembe za oksidi ya chuma. Utando huo, hata ukiwa mwembamba kuliko unywele, huutenga utepe na kichwa; sauti kali za juu ndizo hupotea kwanza.

Mashine izimwe, kichwa kipanguswe taratibu kwa pamba yenye spiriti safi, kisha kiachwe kikauke. Bisibisi yenye sumaku isikiguse: kichwa kilichoshika sumaku hufifisha rekodi kidogo kidogo, na sauti ya marehemu hairekodiwi mara ya pili.