Fundi wa chuma asingoje sokoni, wateja wake wako koperative



Zamani, mwezi wa nane na wa tisa, mafundi wa chuma wa Kamina walikuwa wanakosa usingizi. Mvula ilikaribia, kila nyumba ilitaka jembe, na wafanyabiashara waliposhuka kwenye treni walinunua majembe, ndoo na mbabula ili kuuza mbele. Leo treni inakawia, wafanyabiashara wamepunguka, na jembe la kiwandani linalopita Kasumbalesa linauzwa kwa bei ambayo fundi wetu hawezi kuifuata. Basi anakaa mbele ya atelie yake, mkaa unazimika, na kijana aliyekuwa anamvutia mvukuto ameondoka kutafuta kazi machimboni.

Hiyo si shida ya fundi peke yake. Siku atelie ya mwisho itakapofunga, mwenye mashini ya kusaga atatuma vyuma vyake Lubumbashi, na kijiji kizima kitangoja unga. Bukari haingoji treni.

Biashara ikilegea, mafundi wengi wanakimbilia kupunguza bei. Mimi sioni kama hiyo ni dawa. Kwa bei, kiwanda kitawashinda kila mara. Fundi aende mahali kiwanda hakifiki: kutengeneza vilivyoharibika, na kutengeneza vipya kwa kipimo cha mkulima wa hapa. Na mahali rahisi pa kukuta wakulima wengi pamoja ni koperative.

Tuanze na kutengeneza. Wakati wa kipwa, koperative ichague siku moja, kila mwanachama alete majembe yaliyolika, mashoka, na kinga iliyovunjika kibebeo. Fundi anakuja na vyombo vyake. Tuseme wanachama ni 40, na kila mtu analeta majembe mawili: hayo ni majembe 80 mahali pamoja, kazi ambayo mjini pengine angeingoja majuma mengi. Jembe lililolika linaweza kuungwa ncha mpya ya chuma cha resore ya lori, na chuma hicho ni kigumu kuliko cha majembe mengi ya bei rahisi. (Lakini chuma cha reli hapana! Reli ni mali ya SNCC, na fundi anayenunua vipande vyake anajitafutia kesi.)

Kisha vipimo vyetu. Tunawaambia kila mwaka mupande mahindi kwa mistari: 75 cm kati ya mistari, 50 cm kati ya mashimo, mbegu mbili kwa shimo. Wengi wanakadiria kwa macho, kwa sababu kuvuta kamba kunachosha. Fundi anaweza kutengeneza reki ya mbao yenye meno ya chuma yaliyoachana 75 cm, mtu mmoja anaivuta na mistari inajichora. Reki moja inatosha kundi la majirani.

Kazi ninayoiona kubwa kuliko zote ni silo ya bati. Munajua hali yenyewe: mavuno yakiisha tunauza mbio kwa bei ya chini, tukiogopa wadudu watakula yaliyobaki, halafu mwezi wa kumi na mbili tunanunua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Huko Amerika ya Kati, tangu miaka ya 1980, mradi uliosaidiwa na Uswisi ulifundisha mafundi wa bati wa vijijini kutengeneza silo za mahindi. Mafundi hao hawakulipwa mshahara wa mradi. Waliuza kwa wakulima wenyewe, na silo zikaenea Honduras, Guatemala, Nikaragua na El Salvador. Fundi aliyezoea ndoo akapata mteja mpya: mwenye shamba.

Silo ya kilo 500 inapokea magunia matano ya kilo 100. Ni bati la galvanize lisilo na mikunjo, na maungio yasipitishe hewa, maana wadudu waliofungiwa ndani wanamaliza hewa wanakufa. Kabla ya kuipokea, mtu achungulie ndani mchana, mifuniko ikiwa imefungwa: akiona hata nukta moja ya mwanga, fundi arudie. Silo ikae chini ya paa, juu ya mbao, mbali na jua.

Ila silo haikaushi mahindi. Mahindi mabichi yataoza ndani, na mtamlaumu fundi bure. Chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi yarudi kwenye jua. Isiposhika, yako tayari.

Sasa feza. Fundi hana mtaji wa kununua bati, na mkulima hana feza kabla ya mavuno. Koperative inunue bati, fundi alipwe kazi yake kwa sehemu: moja akianza, nyingine silo zikipokelewa. Muandike karatasi: silo ngapi, za kilo ngapi, tarehe gani, nani anatengeneza ikivuja, na bei ni ya franga au ya dola. Mukimlipa fundi kwa mahindi, muandike kilo. Musiandike meka, maana meka ya sokoni na meka ya nyumbani hazilingani, na hapo ndipo urafiki unavunjika.

Mafundi nao wanaweza kujiunga. Sheria ya OHADA, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2012, inaruhusu koperative rahisi ya watu 5. Mafundi watano wananunua bati pamoja, na mmoja akiugua, wenzake wanamaliza komande.

Kwenye mkutano mkuu unaokuja, katibu apitishe daftari: nani ana jembe la kutengenezwa, nani anataka silo, ya kilo ngapi. Fundi aalikwe siku hiyo hiyo, aje na silo moja ndogo ya kuonyesha.