Asili ya Maneno ya Kiingereza Yaliyomo katika Hati za Shamba

Ni desturi ya siku nyingi kwamba mkulima akipata hati ya Kiingereza humpelekea mwanawe au mpwawe aliye karani, amfasirie. Kijana huisoma upesi upesi, na mzee hutia sahihi kwa kumwamini. Lakini kuweza kulisoma neno si kuijua maana yake, na yako maneno ambayo karani hodari aweza kuyakosea.

La kwanza ni "charge". Dukani maana yake ni ada. Mahakamani ni shtaka. Na simu ikiishiwa na umeme watu husema inataka chaji. Wengi huuliza, neno moja limewezaje kubeba mambo yote hayo? Jibu limo katika swali lenyewe. Warumi wa kale waliita gari la kukokotwa "carrus". Wafaransa wakatoa humo neno la kupakia mzigo garini, nao Waingereza wakalitwaa. Kwa hiyo ada ni mzigo wa mfuko, shtaka ni mzigo juu ya kichwa cha mtu, na umeme ni shehena ya betri. Hata "cargo", yaani shehena ya meli, ni neno la ukoo huo huo.

Sasa litazamwe neno hilo katika hati ya shamba. Kwa Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, "charge" si ada hata kidogo. Ni shamba lenyewe kutwikwa deni. Deni lisipolipwa, mkopeshaji aweza kuliuza shamba hilo baada ya kutoa ilani zitakiwazo na sheria. Na ikiwa ni nyumba ya mume na mke, mmoja hawezi kuitwika deni hilo bila idhini ya mwenziwe. Karani amwambiaye baba yake, "Hapa benki wanataka ada yao tu, mzee, tia sahihi," amemtia hatarini bila ya kukusudia.

Neno la pili ni "mortgage", yaani rehani. Herufi "t" huandikwa lakini haitamkwi, na wanafunzi wengi hushangaa kwa nini haikuondolewa. Imebaki kwa sababu ni alama ya Kifaransa cha kale, ambacho kiliingia Uingereza na William wa Normandy mwaka 1066, kikatumika mahakamani miaka mingi. "Mort" ni kufa, na "gage" ni dhamana: dhamana iliyokufa. Jaji Thomas Littleton, aliyefariki mwaka 1481, alieleza kwamba mdaiwa asipolipa, ardhi imekufa kwake. Akilipa, dhamana imekufa kwa mdai. Ni jina la kutisha, lakini halikumficha mtu kitu.

Hiyo "gage" ina ndugu ambaye makarani humpenda zaidi, nayo ni "wages", ujira. Ama "salary", ni kweli limetoka katika neno la Kilatini la chumvi, lakini ile hadithi isimuliwayo shuleni kwamba askari wa Kirumi walilipwa kwa vipande vya chumvi haina ushahidi, walilipwa sarafu. Neno letu mshahara ni wazi zaidi, kwani limetoka katika neno la Kiarabu la mwezi.

Limebaki neno "acre", ambalo Kiswahili kimelifanya ekari. Kwa Waingereza wa zamani lilikuwa ni shamba tu, kisha likawa kipimo cha ardhi iwezayo kulimwa kwa siku moja na jozi ya ng'ombe. Urefu wake ulikuwa yadi 220, yaani mfuo mmoja wa plau, na upana yadi 22; kwa maana kuwageuza ng'ombe ni kazi, na mlimaji alitaka aende mbali kabla ya kugeuka. Ukizidisha utapata yadi za mraba 4,840, na ndiyo ekari mpaka leo.

Lakini hati za Kenya siku hizi huandikwa kwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Mzee aliyenunua ekari mbili akiona hati imeandikwa 0.8, asikimbilie kwa chifu kudai kwamba ameibiwa zaidi ya nusu ya shamba lake. Ekari zake mbili zimo humo.